Je, niingie Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo sasa, au nikae kwanza mwaka mmoja kwenye ofisi ya wakili?

Mhitimu wa Mbeya

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nimemaliza shahada ya kwanza ya sheria mwaka huu na nia yangu ni kuwa wakili. Ninaelewa kwamba huku Bara lazima nipitie Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo wengi wetu tunaiita Law School, kwa hiyo sina swali kuhusu njia. Swali langu ni la wakati. Mjomba wangu anasisitiza niombe nafasi mwaka huu huu, kabla ya yale niliyosoma chuoni kunitoka kichwani. Kwa upande mwingine, wakili mmoja hapa mjini amekubali nikae ofisini kwake kwa mwaka mzima, bila mshahara lakini kwa nauli na chakula cha mchana.

Sifichi kwamba nina hofu. Sote tunayakumbuka matokeo yaliyotangazwa 2022, ambapo kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani 342, na waliobaki 265 wakaondolewa masomoni. Naomba waliopita pale wanieleze: mitihani ile inapima nini hasa, na je, mwaka wa ofisini unasaidia au ni kupoteza muda?

Kiapo Kinzani

Mdogo wangu, mimi nilipita pale kwa kuchechemea, yaani nilipata sapu (mtihani wa kurudia) ya uandishi wa nyaraka za kisheria, kwa hiyo nakujibu nikiwa na kovu.

Chuo kikuu kilinifundisha kueleza zuio la muda, yaani amri ya mahakama ya kusimamisha jambo kwa muda, ni nini na masharti yake ni yapi. Taasisi haikuniuliza hayo. Nilipewa kisa cha kurasa mbili cha mama anayedai nyumba yake inataka kuuzwa, nikatakiwa kuandaa maombi na kiapo kinachoyaunga mkono, yaani maelezo ya ukweli yaliyoandikwa na kuapiwa, ndani ya muda ambao, niliposoma kisa mara ya kwanza, nilidhani ni mwingi. Aya yangu ya saba ilisema kwamba mdaiwa ni mtu mwenye mazoea ya kuwadhulumu wajane na kwamba Mahakama hii tukufu inapaswa kumzuia. Nilijiona nimeandika vizuri sana. Kumbe katika mstari mmoja nilikuwa nimeingiza maoni na ombi, mambo ambayo hayana nafasi kwenye kiapo tangu uamuzi wa kesi ya Uganda dhidi ya Kamishna wa Magereza, kwa maombi ya Matovu, wa 1966, ambao mawakili wa Afrika Mashariki wanautaja mpaka leo. Aya ya tano ilikuwa habari ambayo mama aliambiwa na mtendaji wa mtaa, lakini kwenye uthibitisho, sehemu ambayo muapaji husema anayajuaje aliyoyaeleza, nikaandika kwamba yote ni kweli kwa ufahamu wake mwenyewe, bila kumtaja aliyemwambia. Mwisho kabisa, pale kamishna wa viapo anaposaini, niliweka tarehe nikasahau mahali kiapo kilipoliwa, ingawa sheria ya makamishna wa viapo inataka vyote viwili.

Hakuna hata kosa moja kati ya hayo ambalo sikulijua kwa nadharia. Kanuni ya 3 ya Amri ya XIX ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, inayosema kiapo kibebe nini, ningeweza kuikariri usingizini. Kilichokosekana ni mkono uliozoea. Nilipokuwa nasubiri kurudia mtihani nilijishikiza kwenye ofisi ya wakili mmoja aliyekuwa akinirudishia rasimu zimejaa wino mwekundu, na baada ya miezi mitatu nikawa naona mahali pa kiapo pakiwa pamesahaulika kabla sijasoma hata jina la muapaji. Kaa ofisini, lakini kwa sharti moja: hakikisha unaandika. Kuna ofisi ambazo mhitimu hugeuzwa tarishi wa kupeleka nyaraka kwa karani wa mahakama na kuleta risiti, na mwaka unapita hajaandaa hata hati ya madai moja.

Mzee wa Majalada

Nakubaliana na Kiapo Kinzani kuhusu wino mwekundu, ila ningependa kuongeza jambo kwa sababu nimeyaona mambo haya pande zote mbili. Sisi tuliokubaliwa kuwa mawakili kabla Taasisi haijaanza kupokea wanafunzi 2008, kufuatia sheria iliyotungwa 2007, tulijifunza kazi kwa kukaa chini ya watu waliotutangulia, kisha tukafika mbele ya Baraza la Elimu ya Sheria kuhojiwa. Utaratibu ule ulikuwa na udhaifu mkubwa: aliyepata mwalimu mzuri aliiva, aliyepata mvivu alitoka vile vile alivyoingia. Taasisi ilikusudiwa kuziba pengo hilo, na kwa maoni yangu imeziba kwa sehemu.

Matokeo uliyoyataja yalifanya Waziri wa Katiba na Sheria aunde kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, na mjadala wa wakati ule uligawanya watu kati ya waliowalaumu wanafunzi na vyuo vikuu na wale walioilaumu Taasisi yenyewe. Mimi sioni sababu ya kuchagua upande mmoja. Ofisini kwangu nimepokea wahitimu wenye alama za juu wasioweza kutofautisha pingamizi la awali, ambalo lazima liwe hoja tupu ya sheria, na malalamiko yanayohitaji ushahidi. Lakini pia mtu hafunzwi kuogelea kwa kuhesabiwa waliozama.

Kwa hiyo, kijana, kabla ya kukubali mwaka mzima, mwombe huyo wakili akuonyeshe majalada mawili yaliyokwisha, moja la madai na moja la jinai, uyasome kuanzia karatasi ya kwanza mpaka hukumu. Akikataa hata hilo, nenda Dar es Salaam kaanze masomo.

Afisa Sheria

Naongeza mawili kwa ufupi. La kwanza, usifikirie cheti cha Taasisi kuwa ni cha wanaotaka kuvaa joho la uwakili peke yao. Matangazo ya nafasi za mahakimu wakazi na mawakili wa Serikali nayo hukitaka, kwa hiyo kuchelewa mwaka kunaweza kukupitisha mbali na nafasi hizo. La pili ni lugha. Ingawa marekebisho ya sheria ya 2021 yameifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, sisi tulifanya mitihani yetu kwa Kiingereza, na nimeshuhudia wenzangu wanaojua utaratibu vizuri wakipoteza alama kwa sentensi zisizoeleweka. Andika kila siku, hata kama ni barua ya kudai deni.

Mhitimu wa Mbeya

Shikamoo Mzee wa Majalada, na ninawashukuru wote. Leo nilikwenda kwa yule wakili nikaomba majalada. Alicheka, akanipa la madai ya mpaka wa shamba, akaniambia nimletee kesho rasimu ya utetezi nikiwa sijaangalia ule uliomo. Swali langu la mwisho: nikishafaulu, nitasubiri nini kabla ya kusimama mahakamani?

Kiapo Kinzani

Marahaba kwa niaba ya mzee. Ukishapata cheti utawasilisha maombi kwa Jaji Mkuu, Baraza la Elimu ya Sheria litayapitia na kukusaili, kisha utasubiri sherehe ya kukubaliwa na kuapishwa pamoja na wenzako. Hata baada ya jina lako kuingia kwenye orodha ya mawakili bado utahitaji leseni ya mwaka husika na uanachama wa Chama cha Mawakili Tanganyika. Kabla ya hapo usisaini kitu kama wakili, hata rafiki akikubembeleza.

Kuhusu utetezi wa kesho: jibu hati ya madai aya kwa aya. Ukiruka moja bila kuikana waziwazi, mpinzani wako atakuambia umeikubali.