Kusomea madini yaliyomo kwenye vimeng'enya, kuna maisha huko?

Kijana wa Chumbageni
Wakuu kwema? Nimemaliza fomu siksi PCB (fizikia, kemia, baiolojia), nasubiri kuomba chuo. Kuna kitu kimenikamata toka fomu faivu, vimeng'enya vyenye madini ndani, yaani zile protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini, ila zimeshika chembe ya chuma, shaba au nikeli. Ilianzia pale Deep Sea, soko la samaki hapa Tanga, shemeji yangu alikuwa anachuna pweza ndo kwanza katoka majini, nikaona kile kimaji kwenye ubao kina ubluu kwa mbali, akanambia damu ya pweza ndo ilivyo. Ticha akaja kunielewesha kwamba sisi tunabeba oksijeni kwa chuma, pweza anaibeba kwa shaba. Basi toka hapo silali. Sasa mjomba ndo mlipa ada, na anasema hiyo sio kazi, mtu mzima hawezi kukaa miaka kumi anatafuta chembe ya madini isiyoonekana, nikasome famasi. Mjomba namheshimu sana. Nambieni ukweli, watu wa utafiti huu wanafanya nini hasa?

Binti Ngamiani
Mdogo wangu mi nipo maabara ya hospitali. Mgonjwa wa figo akija tukapima yurea kwenye damu, dawa ya maabara tunayotumia kupimia ina kimeng'enya kinaitwa yurease, kinachovunja yurea, tyubu inageuka kijani mbele ya macho yako, na kijani ikikolea ujue figo zinalemewa. Ndani ya hicho kimeng'enya kuna nikeli. Na yule bakteria wa vidonda vya tumbo anaishi kwenye asidi kwa sababu ana yurease yake mwenyewe, inamtengenezea amonia ya kujikinga. Kwa hiyo mwambie mjomba chembe hiyo isiyoonekana inafanya kazi Tanga hapa kila asubuhi.

Mwalimu Mstaafu Pangani
Kijana, mjomba kasema miaka kumi, hajakosea sana. James Sumner wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani alianza kuisaka yurease safi mwaka 1917, akaipata 1926. Miaka 9. Na huyo bwana alipoteza mkono wa kushoto akiwa na miaka 17 kwenye ajali ya bunduki wakiwinda, na ndo mkono aliokuwa anautumia kwa kila kitu, akajifunza upya kwa wa kulia. Alikuwa anasaga maharage fulani makubwa meupe, anachanganya unga na asetoni na maji, anachuja, anaacha kwenye baridi usiku kucha, asubuhi anatazama tone kwenye hadubini. Siku nyingi hakuna kitu. Asubuhi moja akakuta fuwele ndogo ndogo, kama punje za chumvi, zimejaa, na ndo ilikuwa mara ya kwanza duniani kimeng'enya kupatikana kama fuwele, akasema hii ni protini, wanasayansi wakubwa wa Ujerumani wakamkatalia miaka. Tuzo ya Nobel akaipata 1946. Ila kinachonigusa mimi zaidi ni kwamba nikeli ilikuwemo humo humo kwenye fuwele zake na hakuijua, ilikuja kuonekana 1975 na watu wa Queensland, Australia, karibu nusu karne baadaye. Kazi yenyewe ndo hiyo, kusaga, kuchuja, kupima, kurudia. Kama kurudia kunakuchosha nenda famasi, ni kazi nzuri pia.

Mkulima Muheza
Mi sijasoma hayo ila mwalimu kanifungua macho. Yurea ukiimwaga juu ya udongo wenye unyevu bila kufukia, kesho yake unasikia harufu kali puani, kumbe ni hiyo yurease ya vijidudu vya udongoni inageuza mbolea yangu kuwa amonia inapaa hewani! Hela hiyo inapotea. Soma mwanangu, uje utusaidie.

Binti Ngamiani
Dogo, nunua haidrojeni peroksaidi duka la dawa, ile ya kusafishia vidonda. Dondoshea ini bichi, halafu ini lililochemka. Kwenye ini kuna kimeng'enya kinaitwa katalesi, kina chuma ndani, ndo kinachoivunja hiyo peroksaidi ikatoa povu. Afanye mjomba mwenyewe.

Kijana wa Chumbageni
Shikamoo mwalimu, asanteni wote. Tumefanya jana jikoni. Ini bichi lilitoa povu mpaka likamwagika kwenye sahani, lililochemka kimya kabisa. Mjomba akarudia mara tatu, mara ya tatu kaliinamia kabisa, kisha akaniuliza: sasa kile chuma kimeenda wapi?

Mwalimu Mstaafu Pangani
Marahaba. Mwambie hakijaenda popote, kimo humo humo kwenye ini. Moto umeharibu umbo la protini iliyokuwa imekishika.