Shamba la babu wa babu Tongoni, Tanga, enzi za Mjerumani: naanzia wapi?

Mjukuu wa Tongoni: Wakuu salaam, bibi kaniachia karatasi moja tu ya shamba la minazi, mchwa wamekula pembeni, juu ina muhuri wa tai na chini Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Nataka kujua aliyelinunua nani na nduguze walielekea wapi, mzee wetu wa mwisho anayekumbuka kapita 90 na roho inaniuma kila nikichelewa.

Chumbageni: Usiilaminishe mkuu! Ipige picha, mpelekee maalim asome. Hati za zamani zinataja mipaka kwa majirani, kusini shamba la fulani bin fulani, na hao majirani mara nyingi ni mashemeji na mabinamu, ukoo unajitokeza hapohapo.

Mwana Bagamoyo: Nyaraka za Taifa pale Dar wana mafaili ya Mjerumani ila mwandiko wa kale, hata Mjerumani wa leo unamshinda. Mwingereza kaingia Tanga 1916, baadaye mashamba ya Wajerumani yakauzwa kama mali ya adui, kwahiyo kama babu alipakana na mzungu cheki na mafaili ya mauzo hayo. Usisahau mirathi, mafungu ya Kiislamu yanafika kwa wajane na mabinti, watu ambao hati ya shamba haiwataji kabisa.

Mjukuu wa Tongoni: Maalim kaisoma jioni hii. Jirani wa kusini ni baba yake bibi! Nimetetemeka jamani, kesho asubuhi naenda kwa mzee.