Tundu la ngoma ya sikio la miaka mingi, kuna tiba bila kisu?

Kijana_wa_Kirumba:
Wakuu habari za jioni. Nna tundu kwenye ngoma ya sikio la kushoto tangu niko shule ya msingi, lilikuwa linatoa usaha, linakauka, linarudi, ndo hivyo hivyo mpaka leo nna miaka 31. Saiv ni kavu muda mrefu ila simu siwezi kusikilizia upande ule na nikipata mafua tu linaanza kulowa. Dokta alisema dawa ni upasuaji, wanachana nyuma ya sikio wanachukua kautando wanaziba. Kiukweli kisu naogopa na hela nayo haijakaa sawa. Sasa kuna jamaa Facebook anauza matone, elfu 45 chupa, anasema ngoma inajiziba yenyewe ndani ya wiki mbili. Kuna aliyetumia? Au kuna njia nyingine isiyo ya kisu?

babu wa Sengerema:
Kitunguu saumu, unakikaanga kwenye mafuta ya nazi, unachuja, matone matatu usiku. Sisi tumekua hivyo na tunasikia vizuri tu.

Tabibu wa Zamu:
Babu shikamoo, ila hapo hapana. Ngoma ikiwa nzima mafuta yanaishia nje, ikiwa imetoboka yanaingia moja kwa moja sikio la kati, pale hakuna kizuizi, tunawapokea sana hao wameungua au wamepata usaha upya.

Mtoa mada, tundu jipya, tuseme umepigwa kofi au umejichokoa na kijiti, mara nyingi linafunga lenyewe ndani ya wiki kadhaa hadi kama miezi 3, unalinda maji yasiingie basi. Lako ni tofauti. Kingo zake zimeshaota ngozi pande zote, ni kama tundu la hereni, mwili unaona pale hakuna kidonda cha kuponya. Kwa hiyo tone la aina yoyote ukimwagia juu ya kingo zilizokwisha kupona halina cha kufanya, huyo wa elfu 45 anakula hela yako. Matone ya ciprofloxacin yana kazi yake, kukausha usaha, siyo kuziba tundu. Na yale ya gentamicin yanayouzwa madukani usijiwekee kiholela maana yanaweza kuua usikivu wa ndani kabisa, na huo haurudi.

Njia zisizo za kisu zipo, tena za zamani, na zote zinafanya jambo moja, kuamsha kidonda kwenye kingo halafu kuweka kitu ambacho ngozi itatambalia juu yake. Mwaka 1887 daktari wa masikio Clarence Blake wa Boston, Marekani, alikuwa anabandika karatasi juu ya tundu. Miaka ya 1950 daktari mwingine, Derlacki, akaeneza njia ya kuchoma kingo kidogo na asidi ya trikloroasetiki na kurudia kila baada ya muda, mgonjwa anarudi kliniki mpaka anachoka. Hiyo bado inafanyika, umekaa kwenye kiti, dawa ya ganzi inawekwa sikioni, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Inafaa tundu dogo. Likiwa nusu ya ngoma usijidanganye.

mama Zuu:
Mimi nilibandikwa karatasi, ile laini ya sigara, nilicheka nilipoiona. Kukwangua kingo kuliuma kidogo hivi basi. La kwangu lilikuwa dogo kama kichwa cha pini na lilifunga, dada yangu la kwake kubwa likagoma akaishia upasuaji. Usipige chafya umebana pua tu, karatasi itaruka.

Kijana_wa_Kirumba:
Asanteni sana. Tabibu kuna mahali nimesoma Wajapani wana dawa inayootesha ngoma, ni kweli au ndo yale yale ya Facebook?

Tabibu wa Zamu:
Hiyo ni kweli. Dokta Kanemaru na wenzake wa Osaka walitoa matokeo 2011, wanakwangua kingo, wanaweka sponji ya jelatini iliyolowekwa kichocheo cha ukuaji kinaitwa trafermin, juu yake wanadondoshea gundi ya faibrini, yaani ile protini inayogandisha damu, baada ya wiki tatu wanaangalia, kama bado halijafunga wanarudia. Matundu 52 kati ya 53 yalifunga, wale waliowekewa sponji bila dawa alifunga mmoja kati ya 10. Japani wameipitisha 2019. Lakini usitegemee kuikuta duka la dawa Mwanza, na anayekuuzia kwa bodaboda mkimbie.

Wewe nenda kliniki ya masikio pale hospitali ya Bugando, sikio likiwa kavu, waambie wakupime usikivu na waangalie ukubwa wa tundu na lilipo. Ulizia pia kolesteatoma, yaani ngozi inayoota kuingia ndani na kula mifupa ya sikio. Ikiwepo hiyo, mambo ya karatasi yamekwisha, hapo ni upasuaji tu na siyo wa kuahirisha, hata ukiogopa.

babu wa Sengerema:
Marahaba tabibu. Na kuoga je? Maana huyu yuko Kirumba, ziwani ni hapo.

Tabibu wa Zamu:
Ziwani asizamishe kichwa. Bafuni achukue pamba, aipake vaseline nje iwe na mafuta, azibe mlango wa sikio, akimaliza kuoga aitoe. Asilale nayo, sikio linataka hewa.