Tupeane uzoefu: chuo kikuu kifanye nini ili kisikwame janga linapoingia?

Kalamu_Mlimani: Wakuu, salaam. Machi 2020 vyuo vyetu vilifungwa ghafla kwa sababu ya korona, na hapa Tanzania vikafunguliwa 1 Juni. Naomba walio kwenye utawala, usajili, fedha na TEHAMA watueleze utaratibu: nini kiwe tayari mapema, nani aamue, na wapi huwa panakwama.

Msajili_Mkongwe: Panapokwama kwanza ni kwenye sahihi. Kanuni za mitihani kwa kawaida zinataka mtihani ufanyike ukumbini, mbele ya msimamizi, kwa mgawanyo wa alama uliopangwa. Kubadili chochote hapo ni kazi ya seneti, yaani baraza la taaluma la chuo, nayo ina akidi yake. Wajumbe wakishatawanyika, idara inasubiri kitivo, kitivo kinasubiri seneti, na semista inayoyoma.

Kifungu cha dharura kipitishwe wakati wa utulivu. Kimruhusu Makamu Mkuu wa Chuo, pamoja na msajili na wakuu wa vitivo vinavyohusika, kuidhinisha mabadiliko ya ufundishaji na upimaji kwa muda maalumu, tuseme siku 90, kisha seneti ithibitishe au ifute. Ukomo huo lazima uandikwe. Usipoandikwa, walimu wataona wamepokonywa seneti yao, na watapinga hata hatua nzuri.

Halafu kila mwenye sahihi awe na wawili wa kumkaimu, waliokwisha kuandikishwa benki. Mishahara hukwama kwa jambo dogo kama hilo.

FundiSeva: Naunga mkono. Upande wa kumbukumbu, tuitazame Makerere, Uganda: Jengo Kuu, lenye ofisi za utawala, liliungua alfajiri ya 20 Septemba 2020, na lilifunguliwa upya 2024. Matokeo ya wanafunzi yawe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje kabisa ya kampasi. Na kila muhula mrejeshe nakala hiyo kwenye mashine tupu mwone kama inafunguka. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa msiihesabu.

Kuhusu Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, seva nyingi huanguka dakika za mwisho za kukusanya kazi, darasa zima likibonyeza pamoja na hifadhidata ikaishiwa nafasi za miunganisho. Pangeni kozi kubwa zikusanye kwa saa tofauti. Msikimbilie video ya moja kwa moja, maana saa moja inaweza kula nusu gigabaiti au zaidi. Sauti ya dakika 20 ikirekodiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde haifiki MB 5. Ongezeni PDF ya MB 2, na mwanafunzi wa bando la wiki anasoma.

Eldoret_Kwetu: Kuna janga la kukosa kampasi yenyewe. Baada ya shambulio la chuo cha Garissa, Kenya, la 2 Aprili 2015, lililoua watu 148, wanafunzi walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Garissa ilikuwa chuo kishiriki cha Moi, kwa hiyo tayari walikuwa wakisomea shahada za chuo mama. Chuo kinachosimama peke yake kifunge mapema mkataba na chuo kingine: kozi zipi zinalingana, alama zinatambuliwaje, vitanda vingapi vipo. Na washauri nasaha waende na wanafunzi. Hilo lisiachwe, jamani.

Mhasibu_Dom: Fedha kwa ufupi: tengenezeni makadirio ya wiki 13 ya kinachoingia na kinachotoka, yahuishwe kila Ijumaa. Ada za wanafunzi wanaojilipia hukauka mapema. Ujenzi na magari visimamishwe kwanza, bando la walimu liguswe mwisho.

Maabara_Tatu: Nadharia inaweza kwenda mtandaoni, lakini huwezi kupasua mwili wala kuchomelea chuma kwenye simu. Sogezeni vitendo vyote kwenye wiki mbili au tatu za mfululizo, makundi yaingie kwa zamu, mwaka wa mwisho watangulie. Uganda nayo ilianza na mwaka wa mwisho ilipofungua vyuo Oktoba 2020. Kinachosahaulika ni kemikali na vitendanishi: agizeni kabla ya kutangaza tarehe, kwa sababu mpaka ukifungwa mzigo unachelewa.

Kalamu_Mlimani: Asanteni sana. Na wasio na simujanja?

FundiSeva: Mkuu, wahesabuni wiki ya kwanza kwa SMS kupitia CR (mwakilishi) wa kila darasa, kabla hamjachagua mfumo. Kisha mnatuma flashi na vitini kwa basi, pamoja na namba ya mwalimu ya kupiga saa maalumu. Tarehe zao za kukusanya kazi zisogezwe siku saba.