Mnaofundisha Kiswahili wageni kwa Zoom, tupeane uzoefu

Mkunanazi: Machi imefika, Marekani wamesogeza saa mbele, na darasa langu la Chicago limetoka saa tatu usiku hadi saa mbili. Jana wameniita bado niko jikoni. Nyie mnafanyaje?

BintiPangani: Mie saa ndiyo ilinitesa. Nilimwandikia Mjerumani mmoja "saa mbili asubuhi", maskini akaamka saa nane usiku kunisubiri! Sasa naishika saa ya ukutani mbele ya kamera: mshale mfupi ukiwa kwenye 8, soma namba inayotazamana nayo, 2. Wanashika siku hiyohiyo.

Mzee wa Ngeli: Hiyo ya mshale nimeichukua.

Somo: Mmenikumbusha 2020, kozi yetu ilipohamia mtandaoni. Niko katikati ya somo, nikasikia mama mdogo anapiga ukelele chumbani. Nikatoka mbio, simu nimeiacha imeegemea mtungi, kipaza sauti wazi. Bibi alikuwa amekata roho. Wanafunzi sita walisikia kilio chote. Nilipokuja kuichukua simu, hakuna aliyetoka. Yule binti mkimya, ambaye wiki tatu hakuwahi kufungua kamera, ameandika: "Pole mwalimu. Tuko pamoja." Msiba nilikuwa sijawafundisha kabisa. Baada ya siku mbili wakachanga rambirambi, wakaniuliza wanaikabidhi kwa nani.

BintiPangani: Pole sana dada. Nimelia.

Jirani: Pole. Ila kilio cha wafiwa si cha kusikilizwa na wageni. Ungezima.

Somo: Bibi yangu amelala pale, nikumbuke kitufe?

Mkunanazi: Jirani, muungwana humpa pole mfiwa kwanza. Poleni Somo. Huku Unguja rambirambi hiyo tunaiita ubani.

Jirani: Pole nimeitanguliza, soma vizuri. Na wafundishwe jina moja, wasichanganyikiwe.

Mzee wa Ngeli: Yote mawili. Akifika Forodhani au Kariakoo atayakuta. Mimi msiba nauweka somo la pili, baada ya shikamoo, maana pole wataihitaji kabla ya ngeli.

Mwalimu Eldoret: Mkunanazi, kuhusu saa: waandikie saa za kwao, usijisumbue.

BintiPangani: Usikubali! Waandikie za kwetu, wazizoee.

Mkunanazi: Leo nawaandikia zote mbili. Somo, yule binti bado anasoma?

Somo: Anafundisha wenzake sasa. Kila Idi ananipigia, kamera wazi.