Mjadala: Programu itaje aina ya uvimbe wa ubongo kwa picha ya MRI, au isubiri kinyama?

Hoja: Mgonjwa wa Kigoma akishapigwa MRI, je, programu ya kompyuta iruhusiwe kuandika "glioma" (uvimbe wa seli zinazotegemeza neva) au "meningioma" (uvimbe wa utando unaofunika ubongo) kwenye ripoti kabla kinyama, yaani kipande kidogo kilichokatwa kwenye uvimbe, hakijapimwa maabara?

MTAALAMU WA TAKWIMU, TABORA
Iruhusiwe. Akipewa rufaa ya Dar es Salaam, kutoka Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Meningioma nyingi hukua polepole, lakini glioma ya daraja la 4, iliyo kali kuliko zote, haingoji mtu. Programu ikiitambua mapema, rufaa ya mgonjwa huyo itangulie. Na zipo programu zilizovuka usahihi wa asilimia 95 kwenye mkusanyiko wa picha 3,064 uliotoka China, wa wagonjwa 233.

DAKTARI WA MIONZI, KIGOMA
Ndugu, gawa 3,064 kwa 233. Kila mgonjwa ana picha 13 hivi. Ukizichanganya zote kisha ukatenga asilimia 20 za kupimia, ubongo uleule unafundishia na unapimia. Hapo programu inamkumbuka mtu, haijautambua ugonjwa. Tenga kwa mgonjwa, siyo kwa picha, uone hiyo 95 inabaki ngapi.

Hilo bado ni dogo. Mkusanyiko huo una majina matatu tu: glioma, meningioma na uvimbe wa pituitari (tezi iliyo chini ya ubongo). Ukiiletea programu tuberkuloma (uvimbe wa TB ndani ya ubongo), itaipa mojawapo ya hayo matatu, maana haijui jina la nne. Kwetu TB na VVU vipo. Pete inayong'aa baada ya kontrasti (dawa inayodungwa ili picha ionekane vizuri) inaweza kuwa glioma ya daraja la 4, saratani iliyosambaa kutoka kwingine, jipu, toksoplasma (maambukizi ya kimelea) au tuberkuloma. Tatu za mwisho ni maambukizi yanayotibiwa kwa dawa, ingawa jipu mara nyingi huhitaji pia kutolewa usaha! Mtu mwenye VVU na toksoplasma, akianza dawa ya kotrimoksazoli, kwa kawaida picha ya marudio baada ya wiki mbili huonyesha pete imepungua. Jina "glioma" kwenye ripoti yake linaweza kumnyima hizo wiki mbili.

MPIGA PICHA ZA MRI, TABORA
Mnabishana juu ya jina, mimi naangalia picha inavyopigwa. Mkusanyiko wa BraTS, wa picha za uvimbe wa ubongo, ulioanza mwaka 2012, unatumia picha za aina nne: T1, T1 yenye kontrasti, T2 na FLAIR (njia tofauti za kupiga MRI, kila moja ikionyesha tishu kwa namna yake), zikiwa na vitone vya milimita 1 kila upande. Kwenye kazi ya kila siku vipande vya milimita 5 ni vya kawaida, na mgonjwa akitikisika FLAIR inaharibika. Kontrasti nayo ni hesabu: mililita 0.2 kwa kila kilo kwa dawa ya kawaida ya gadolini, yaani mililita 12 kwa mtu wa kilo 60, na figo zitazamwe kwanza. Kontrasti ikikosekana, programu iliyozoea aina nne inapewa tatu. Na tafadhali ongezeni DWI, picha inayoonyesha jinsi maji yanavyosogea ndani ya tishu. Usaha wa jipu hung'aa kwenye DWI na kuwa mweusi kwenye ramani ya ADC, inayokokotolewa kutoka DWI. Katikati ya glioma iliyooza mara nyingi ni kinyume chake.

MTAALAMU WA TAKWIMU, TABORA
Nakubali kuhusu kutenga kwa mgonjwa. Basi tuiwekee programu jibu la "sijui" pale uhakika wake ukiwa chini ya asilimia 90.

DAKTARI WA MIONZI, KIGOMA
Kitu ambacho haijawahi kukiona inaweza kukipa asilimia 99. Uhakika huo unalinganisha majina matatu iliyonayo, hauulizi kama la nne lipo.

MTAALAMU WA PATHOLOJIA, KIGOMA
Hata glioma yenyewe, uainishaji wa WHO wa 2021 unadai vipimo vya vinasaba kama IDH (jeni) na 1p/19q (vipande vya kromosomu). T2 ikiwa nyeupe huku FLAIR ikififia katikati, picha inadokeza sana astrositoma (aina ya glioma) yenye mabadiliko ya IDH, ila inadokeza tu. Halafu msikimbilie deksamethasoni (dawa ya steroidi) kama limfoma, saratani ya seli za kinga, inashukiwa na hali ya mgonjwa inaruhusu kusubiri: limfoma inaweza kusinyaa, kinyama kikafika maabara hakina cha kusoma.

Mimi ningeiruhusu programu ipime ujazo wa uvimbe, ioneshe ubongo umesukumwa milimita ngapi kutoka mstari wa kati, na impandishe mgonjwa huyo kwenye foleni ya kusomwa. Sehemu ya jina ibaki tupu.

MTAALAMU WA TAKWIMU, TABORA
Foleni nakubali. Sehemu ya jina bado nataka iandikwe "inashukiwa", pamoja na orodha ya magonjwa yote matano ya pete aliyoyataja daktari.