Uvimbe wa ubongo: mazungumzo ya majirani wa Wete, Pemba

Bi Asha: Asalaam aleikum. Mtu anaumwa kichwa kila siku, utajuaje kama si kipandauso tu?

Dk. Shaame: Waaleikum salaam Bi Asha. Vichwa vingi havina uvimbe, tuanzie hapo. Cha kutisha ni kichwa kigeni kinachozidi wiki hadi wiki, kinamwamsha mtu alfajiri, akitapika kinapoa kidogo, akikohoa au kuinama kinazidi. Ukilala, mgandamizo ndani ya fuvu hupanda, ndiyo maana asubuhi huwa mbaya.

Bi Mwanaidi (muuguzi): Na kifafa kinachoanza ukubwani! Watu mbio kusema kapandisha shetani. Mkono wa upande mmoja ukianza kurukaruka, kikombe kikimponyoka, maneno yakimpotea, mpelekeni hospitali. Akianguka mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, tazameni saa. Zikipita dakika 5 hajatulia, tafuteni gari.

Dk. Shaame: Kipimo cha haraka ni CT, picha ya kichwa kwa eksirei na kompyuta. MRI, picha ya sumaku, huonesha zaidi, hasa upande wa kisogoni. Lakini aina ya uvimbe huthibitishwa maabara, kwa kipande kilichokatwa. Upasuaji wa ubongo upo hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Matibabu ya mionzi mtu huvuka hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar.

Bi Asha: Na hii deksa? Mtu kanywa siku 2 tu kainuka, nyumba nzima washasema kapona.

Faki wa famasi: Huo ndio mtego. Deksa, yaani deksamethasoni, ni dawa ya steroidi: hukausha maji yaliyojaa pembezoni mwa uvimbe, wenyewe upo palepale. Limfoma, saratani ya seli za kinga, ndiyo balaa zaidi: kwa deksa hunywea kwa muda, kipande kikikatwa maabara haioni kitu. Dozi ya deksa mara nyingi ni miligramu 4 hadi 16 kwa siku, kwa ukubwa wa dalili. Inywewe na chakula, asubuhi na mchana. Ya usiku hufukuza usingizi. Sukari hupanda, apimwe. Akishaitumia wiki kadhaa asiikate ghafla, tezi za juu ya figo zimeshalala: presha itaporomoka, na kichwa kitarudi. Daktari ndiye wa kuishusha kidogo kidogo. Ramadhani ikikaribia amwambie mapema, asijipangie mwenyewe daku na futari.

Bi Mwanaidi: Hata vidonge vya kifafa, asiruke dozi.

Bi Asha: Inshaallah kesho mgonjwa wetu anapanda boti bandari ya Mkoani.

Dk. Shaame: Basi abebe CD ya picha, si ripoti tu. Mpasuaji anataka aone kwa macho yake uvimbe umekaa wapi. Vidonge viwe kwenye mkoba wa mkononi.